Alama Kwenye Skrubu ya Tatu

Ziwani, Alhamisi, saa nane mchana

Nekesa,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako, hutarudi kabla giza halijaingia. Kesho asubuhi hatutapata nafasi. Mama yako atakuwa ameshika kila kitu mikononi, majirani watakuwa wamejaa mlangoni, na mimi nitasimama pembeni nikikohoa, kama kawaida yangu nikiwa na jambo la kusema. Kwa hivyo nimeamua kuandika.

Habari za blanketi, za kuchemsha maji, za baridi ya Eldoret na za watu watakaojifanya ndugu zako, mama yako ameshakupa zote. Sina la kuongeza. Tena mimi ndiye mtu wa mwisho anayefaa kukufundisha kushuku watu, kwa sababu nimeshuku vya kutosha kwa niaba ya nyumba hii nzima. Barua yako ya kazi ya ufundi wa hadubini ilipokuja, wewe uliruka, mama yako akapiga vigelegele, na mimi nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama mhuri ni wa kweli. Hilo uliliona, ukacheka. Usichojua ni kwamba nilipiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye barua siku tatu mfululizo, nikijifanya mtu mwenye hadubini mbovu, ili nisikie kama sauti itakuwa ile ile. Ilikuwa ile ile. Siku ya tatu yule bwana akaniuliza, "Mzee, sasa hiyo hadubini utaileta lini?" Nikakata simu.

Ningependa kukwambia kwamba nilizaliwa hivi. Si kweli. Kuna mtu anayenijua nilivyokuwa kabla, na wewe unamjua. Ni yeye ninayetaka kukuandikia habari zake.

Unajua kwamba kazi ya kamera nilijifunzia kwenye studio ya picha mjini, na studio ilipofungwa nikakodi nusu ya kibaraza pale Majengo, Pumwani, nikaweka meza. Nilikuwa natoka hapa Ziwani kwa miguu kila asubuhi. Nusu ya pili ya kibaraza ilikuwa ya Salim. Salim alizaliwa Majengo, baba yake alizaliwa Majengo, na kazi yake ilikuwa vyerehani na kufuli. Kamera hakuwa amewahi kuigusa.

Wiki ya kwanza aliniona nikihangaika na lenzi iliyoingia ukungu. Kioo cha mbele kilikuwa kimeshikwa na pete yenye vitundu viwili vidogo, kimoja huku na kingine kule, na kuizungusha pete hiyo kunataka chombo cha miguu miwili. Sikuwa nacho. Nilikuwa nagongagonga kitundu kimoja kwa msumari huku nikimwomba Mungu. Salim akatazama, akatazama tena.

"Bwana," akasema, "hiyo unaitengeneza au unaitoboa?"

Akavuka njia mpaka kwa Mama Zuhura, yule wa mahamri, akaomba bikari ya shule ya binti yake. Akang'oa penseli, akafunga msumari mahali pake, akainoa miguu yote miwili kwa tupa mpaka ikalingana. Akanipa. Pete ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Tangu siku hiyo tukawa mafundi wawili wa meza moja.

Wewe umekua ukiviona vyombo vile kwenye mkebe wa kakao, kwa hivyo hutashangaa. Lakini hukuwa na bahati ya kuviona vikizaliwa. Mimi ndiye niliyejua kamera. Salim ndiye aliyejua chuma. Kila skrubu iliyotushinda ilimfurahisha kama zawadi. Zile skrubu za Kijapani zenye msalaba, ambazo bisibisi ya kawaida huteleza juu yake na kuzitafuna, alizitazama kwa lenzi dakika nzima, kisha akaisugua ncha ya bisibisi yetu kwenye tupa kidogo sana, na tangu hapo haikuteleza tena. Pete isiyo na kitundu wala mkwaruzo wowote aliifungua kwa kipande cha soli ya malapa alichokigandisha kwenye kifuniko cha chupa: unabonyeza, unazungusha, basi. Palipohitaji ncha ngumu alichukua msumari wa kupigilia ukuta wa mawe, akauchonga, akauchoma ukawa mwekundu, akauzamisha kwenye mafuta, kisha akaupasha tena polepole mpaka ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa. "Hapo hapo," alikuwa akisema. "Ukizidisha unalainika, ukipunguza unavunjika."

Siku moja mimi nilivunja skrubu ya kamera ya filamu ya mzee mmoja. Ilikuwa skrubu ya kinyume, ile inayofunguliwa kwa kuzungushia upande wa kukazia. Ilikuwa na alama ya kuonya juu yake, mikwaruzo mitatu, na kule studio nilifundishwa alama hiyo. Nilikuwa na haraka. Mzee alipokuja, kabla sijafungua mdomo, Salim alimwambia, "Samahani, mzee wangu, tumeivunja sisi. Tutakuchongea nyingine." Akachonga, siku mbili. Alisema *sisi*, Nekesa, na siku niliyoivunja hakuwepo hata Pumwani. Alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake.

Sasa nikwambie lililotokea ulipokuwa darasa la saba.

Alikuja mpiga picha wa harusi anayeitwa Njoroge, kutoka Umoja. Kamera yake ilikuwa imeanguka na kitufe cha kupigia kimekwama. Alikuwa ameinunua mkononi mwa mtu. Bamba lake la chini lilikuwa limeshikwa na skrubu nne zenye vichwa vya mabawa matatu, ambazo hakuna aliyekuwa na bisibisi yake Majengo nzima isipokuwa sisi, kwa sababu Salim alikuwa ametuchongea moja. Kama desturi yangu, nikaipiga kamera picha kwa simu kabla ya kuifungua, ili nikumbuke kila kitu kilikuwa wapi. Tukafungua, tukatengeneza kitufe, tukafunga. Njoroge akaenda zake na furaha.

Baada ya wiki moja akarudi bila furaha. Kamera ilikuwa inakwama katikati ya harusi. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mwingine mjini, na fundi huyo akamwambia kwamba shata, lile pazia la ndani linalofunguka picha inapopigwa, si lake. Ni kuukuu. Limebadilishwa. "Na tazama hapa," Njoroge akaniambia akiigeuza kamera, "ameniambia nitazame skrubu." Skrubu ya tatu ilikuwa imetafunwa bawa moja.

Njoroge hakumtaja mtu. Kumtaja nilimtaja mimi, kichwani mwangu, palepale. Nani ana bisibisi ya mabawa matatu? Nani alibaki kwenye meza siku ile niliyokuja shuleni kwenu kwa mkutano wa wazazi? Mambo mengine yakaja yenyewe, kama yalikuwa nje yakingoja mlango ufunguliwe. Nikakumbuka Salim alikuwa amenunua viatu vipya. Nikakumbuka alipokea simu akaenda kuongea mbali. Mwanangu, mtu ukishaamua, hakuna kitu kidogo ambacho hakitakuja kukusaidia.

Ilikuwa Ramadhani, alasiri. Salim alikuwa ameinamia cherehani. Kwa Mama Zuhura kulikuwa na watu wakinunua vya kufuturu, na wale wazee wawili wa mtaa wa pili walikuwa kwenye benchi lao. Ningeweza kumwita ndani. Nilisimama nje kibarazani, na sauti yangu unaijua.

"Shata ya Njoroge umeipeleka wapi?"

Akainua kichwa. "Shata gani?"

"Usinifanye mtoto, Salim. Kamera imefunguliwa nyuma ya mgongo wangu. Skrubu imekwaruzwa. Bisibisi hiyo unayo peke yako."

Aliweka chini alichokuwa ameshika. "Baba Nekesa, sema polepole. Nimefunga, na sitaki kufuturu kwa hasira."

"Nakuuliza, umemuuzia nani?"

Watu walikuwa wameshageuka kututazama. Salim akaichukua bisibisi kutoka kwenye mkebe, akaniwekea kiganjani, akasema maneno ambayo niliyasikia siku hiyo bila kuyaelewa. "Bisibisi yangu haitafuni. Chombo kinachoingia sawasawa hakiachi jeraha. Aliyeacha jeraha hilo alikuwa na chombo kibaya. Itie uone."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya fundi, na ilikuwa imemaliza mambo yote. Sikuitia. Nilisema neno la Kiswahili lenye herufi tano ambalo sitaliandika hapa, neno wanaloitiwa watu sokoni kabla ya kupigwa, na nililisema mara mbili.

Salim alifunga cherehani kwenye gunia, akachukua kofia yake, akaenda. Mkebe wa vyombo aliuacha juu ya meza.

Jioni hiyo uliniuliza kwa nini Anko Salim hakuja kula futari kwetu kama alivyoahidi, maana mama yako alikuwa amepika viazi karai. Nilikwambia Anko Salim ameniibia. Ulilia, na nikakukataza kulia.

Majengo ni mahali padogo. Baada ya mwezi hakuna aliyempa Salim kufuli yake aifungue, kwa sababu nani anampa kufuli mtu aliyeitwa jina lile? Akahama. Nilisikia yuko Baba Dogo, kwenye karakana ya kuchonga bawaba na vipuri. Nikajiambia, unaona, amekimbia.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ningekuwa nimelifanya hilo peke yake, pengine ningekuwa nimeshakusimulia zamani. Mtu anaweza kusema alikosea kwa hasira. Lakini kuna la pili.

Mwaka mmoja na kitu baadaye simu yangu ilijaa. Nilikaa hapa hapa kwenye kiti hiki nikifuta picha za zamani, moja moja, na nikaikuta picha ya kamera ya Njoroge. Ile niliyopiga kabla ya kuifungua. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nikaikuza kwa vidole. Skrubu nne, mabawa matatu, na ya tatu imetafunwa bawa moja. Imetafunwa tayari, kabla sisi hatujaigusa. Kamera ilikuwa imefunguliwa na mtu mwingine, na shata ikabadilishwa na mtu mwingine, kabla Njoroge hajainunua. Salim alikuwa hajafanya lolote isipokuwa kufunga saumu na kutengeneza cherehani.

Mama yako alikuwa jikoni anaimba. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni na Baba Dogo si mbali.

Niliifuta.

Sijui nikuelezeje. Sikufikiri kwa maneno. Niliona tu kwamba picha ile ikiwepo, siku moja mtu ataiona, na ikiisha, itabaki nilivyosema mimi. Kidole kikabonyeza. Simu ikaniuliza kama nina hakika, nami nikaijibu kwamba nina hakika.

Kuanzia hapo ndipo nilipokuwa huyu baba unayemjua. Ulidhani naibiwa sana ndiyo maana ninahesabu skrubu kabla ya kulala. Ulidhani yale matone ya rangi ya kucha ya mama yako ninayoyaweka juu ya skrubu ni ufundi. Yalikuwa mitego. Nilikuwa naweka tone dogo ili nijue nani kafungua nini. Kila fundi niliyekaa naye baada ya Salim, na walikuwa watatu, nilimfukuza kwa tone lililopasuka. Nilikuwa nimeshajua kwamba mtu anaweza kuficha ukweli na akaendelea kula na kusali vizuri, kwa sababu nilikuwa namjua mmoja. Nikadhani wote wako hivyo.

Na miaka yote hiyo niliendelea kutumia vyombo vyake. Hilo nalo ulijue. Nilifungulia kazi za watu kwa mikono ya mtu niliyemwita mwizi, na kimoja kilipovunjika sikuweza kuchonga kingine. Mwaka jana ilipokatika ile bisibisi ya mabawa matatu ulikuwa umekaa karibu nami. Uliokota ncha chini, ukaitazama kwenye mwanga, ukaniuliza, "Baba, hii nani aliitengeneza?" Nikasema, mtu fulani. Hukuuliza tena, na mimi nikapumua.

Kumbe hukunyamaza. Ulikwenda kuuliza kwingine.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi zako. Ulituambia ni mazoezi ya kwaya. Mwezi uliopita nikaona kitu kinang'aa kwenye mkono wa jaketi lako, vumbi jembamba kama lile wanalojipaka wasichana wa kwenda klabu. Nikalisugua kwa kidole. Wiki iliyofuata nikakutana na mwalimu wa kwaya dukani na nikamuuliza kwa ujanja mazoezi yanaendeleaje. Akasema vizuri, kila Jumatano. Jumatano! Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshakuoza mume, nikamfukuza, na nikakulelea mtoto wake.

Jumamosi iliyofuata nilikufuata. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: baba yako, mwenye mvi, alikuwa akijificha nyuma ya watu ili usipate kumwona. Ulishuka Baba Dogo, ukapita viwanda vile vidogo, ukaingia kwenye lango lililo wazi. Mimi nikasimama nyuma ya lori lililoegeshwa. Nilikuona ukivaa miwani ya kazi. Ulikaa kwenye kigoda, umeshika tupa, na mbele yako kuna msumari umebanwa kwenye jiliwa. Kisha mtu mwembamba mwenye kofia akaja akasimama kando yako.

"Usiisukume," alisema. "Iache tupa ikate yenyewe."

Ile sauti. Nilishika lori.

Ningependa kukwambia niliona aibu. Sikuona aibu, Nekesa. Kwanza niliona njama. Nilisema, amemchukua mtoto wangu, analipiza. Anamjaza maneno. Nilikaa na wazo hilo siku kumi, nikila na wewe meza moja, nikikutazama unavyotafuna. Nilimwambia mama yako. Akaendelea kukunja nguo. "Najua anakwenda wapi," akasema. "Aliniaga tangu siku ya kwanza. Wewe hakukuaga kwa sababu wewe huagiki."

Jumanne nikaenda Baba Dogo peke yangu kumkanya Salim.

Amezeeka. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunjiki tena. Alinitazama kama mtu anayetazama mteja, akazima mashine, akafuta kigoda.

"Muache mtoto wangu," nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi zaidi, yakabaki hayo.

"Kaa," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Alikuja na ncha iliyokatika, kaifunga kwenye kitambaa. Akaniuliza kama ni mimi niliyeichonga. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ni kweli nilikuibia. Nikamwambia, hilo kamuulize baba yako." Akaniangalia usoni. "Amekuuliza?"

"Hajaniuliza."

"Basi anangoja umwambie mwenyewe. Mwezi wa nane huu. Ana subira kukushinda."

Mashine zote za karakana za jirani zilikuwa zinalia, lakini mimi sikusikia kitu. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu ile picha, skrubu ya tatu, lile bawa. Nilikuwa nikiongea naangalia mikono yake. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Picha iko wapi?"

"Niliifuta."

Salim aliinuka, akaenda mpaka langoni, akasimama akinipa mgongo. Aliporudi hakukaa.

"Kwamba mimi si mwizi," akasema, "sikuhitaji picha yako. Nilikuwa najua. Mimi nilikungoja, Baba Nekesa, kwa sababu tulikuwa tunakula sahani moja. Nilisema, atakuja Idi. Haikuwa Idi hiyo, nikasema, itakuwa nyingine. Halafu nikaacha kusema."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Jina lile hukunipa hapa. Ulinipa Majengo, mbele ya watu. Hapa huna la kulirudisha."

Kisha akaniambia habari ambayo wewe hukunipa. Kwamba siku ya mahojiano yako ya Eldoret waliweka mezani hadubini yenye skrubu ambayo hawakuwa na chombo chake, na wakawauliza nyote mngefanyaje. Wenzako wakasema wangeagiza. Wewe ukaomba kiberiti, ukayeyusha kidogo mwisho wa kalamu ya plastiki, ukaubonyeza kwenye kichwa cha skrubu, ukangoja upoe, ukazungusha. Salim alikuwa akinisimulia huku uso wake umefunguka, akasahau kwa dakika moja kwamba ananichukia. Mimi nilikuwa nimepiga simu mara tatu kujua kama barua yako ni ya kweli.

Jana nilikwenda Majengo. Hukujua, nilisema nakwenda kutafuta betri. Ilikuwa alasiri, wakati watu wanapotoka msikitini na Mama Zuhura anapoweka karai ya pili. Wale wazee wawili amebaki mmoja. Nilisimama mbele ya kibaraza, na safari hii sauti haikutoka. Ikabidi nianze mara mbili. Nikasema Salim hakuwahi kuniibia chochote. Nikasema nilipata ushahidi nikauficha. Nikasema jina nililomwita ni langu.

Nilidhani watanizomea. Kijana mmoja aliyekuwa akinunua mahamri akaniuliza, "Salim ndiye nani, mzee?" Yule mzee wa benchi akaendelea kupepesa macho yake. Mama Zuhura alikuwa anageuza mahamri kwenye mafuta, na hakuacha kugeuza.

"Sisi tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Kwamba hakuiba. Salim tumezaliwa naye. Tulikuwa tunangoja wewe ujue."

"Sasa mbona mliacha kumpa kazi?"

Hapo ndipo mkono wake uliposimama. Aliyatoa mahamri kwenye mafuta kabla hayajaiva, akayaweka pembeni, na tukabaki tukitazama chini, yeye na mimi na yule mzee. Sijui kama nilirudisha kitu. Najua tu kwamba sasa limesemwa mahali lilipotakiwa kusemwa.

Nilipotoka nikampigia Salim, nikamwambia nimesema. Akauliza nani alikuwepo. Nikamtajia. Kisha akasema, "Nekesa akija likizo, mlango wangu anaujua. Wewe, sijui. Niache nikae nalo." Nikasema sawa. Sikumwomba zaidi, na usimwombe kwa niaba yangu. Hiyo ni haki yake.

Hili ndilo jibu la swali ulilokaa nalo miezi minane, ukinimiminia chai asubuhi na huku unajua. Sijui ulikuwa unanitazama kwa macho gani. Nimejaribu kukumbuka na nimeshindwa, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia mikono ya jaketi lako.

Huko uendako utafungua mashine zilizofunguliwa na watu kabla yako, na utakuta alama zao. Utaambiwa fulani ndiye aliyeharibu. Sikwambii usishuku, siwezi, hata mimi bado ninashuku. Jana usiku niliamka kuangalia kama mlango umefungwa, na nilikuwa nimeshaufunga mara mbili. Nakuomba tu kwamba ukiambiwa "itie uone", uitie. Mimi ningetumia nusu dakika.

Mama yako anarudi sasa kutoka sokoni, namsikia anaongea na jirani ngazini, kwa hivyo namaliza.

Sanduku lako umeliacha hapa sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye kiti changu. Lina kakufuli kadogo ka namba, na wewe na mimi tunajua hakawezi kunichukua hata dakika moja. Liko hapo tangu saa nane, nyumba haina mtu, na mara tatu nimejikuta nimesimama.

Sijaligusa.

Baba yako